Mtoto wa mbwa asiuzwe bila ya chipu

Miezi michache iliyopita mtoto wa mdogo wangu, ana miaka sita, aling'atwa mkono na mbwa wao wenyewe wa nyumbani. Mbwa mdogo, wa miezi minne, si mkali. Walikuwa wanacheza uani. Jeraha lenyewe dogo, tone la damu na kilio. Lakini tulipofika hospitali daktari aliuliza suali moja lililotunyamazisha sote: mbwa huyu amechanjwa kichaa cha mbwa?

Mdogo wangu akatoa kitabu cha chanjo alichopewa na muuzaji. Daktari akakisoma, akakirudisha. Kilikuwa kimeandikwa dume, rangi ya mchanga, chanjo kamili. Basi. Sasa madume ya rangi ya mchanga Maskati hii ni mangapi? Hapakuwa na namba wala alama ya kuonesha kuwa kitabu kile ni cha mbwa yule na si cha ndugu yake. Tukampigia muuzaji, simu haipatikani. Walijuana naye kwenye kundi la WhatsApp, wakakabidhiana mbwa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, na jina lake hatujui zaidi ya kuwa ni "Abu" fulani.

Mtoto akaanzishiwa sindano, leo moja, baada ya siku nyengine. Mbwa akafungiwa siku kumi aangaliwe. Alhamdulillahi wote wazima. Lakini ugonjwa huu dalili zikishatoka mtu haponi, na mama yake alilijua hilo, kwa hiyo siku kumi zile usingizi hakuupata.

Ndiyo maana nasema: anayezalisha mbwa na kuwauza, amtie chipu kila mtoto wa mbwa kabla hajamtoa mkononi mwake. Asimwachie mnunuzi.

Chipu ni kidude kidogo mfano wa punje ya mchele. Daktari wa mifugo anamchoma mbwa kwa sindano chini ya ngozi, baina ya mabega, mara moja, na inabaki humo maisha yake yote. Haina betri. Ndani yake mna namba ya tarakimu 15, na ukipitisha mashine ya kusomea namba inatokea. Namba hiyo ikiandikwa kwenye kitabu cha chanjo, kitabu na mbwa vimefungwa pamoja. Wako wanaohofu kuwa ni kitu cha upelelezi. Jamani, chipu haijui hata mbwa yuko wapi. Ukimpoteza jangwani haitakwambia. Kazi yake ni kujibu suali moja tu: huyu ni nani?

Kwa nini muuzaji na si mnunuzi? Kwanza, muuzaji ndiye aliyekuwepo. Yeye anamjua mama, anaijua siku ya kuzaliwa, anajua nani kachanjwa na nani bado. Mnunuzi anaanza na maneno ya kuambiwa. Pili, sisi wanunuzi tunachelewa. Wiki hii skuli, wiki ijayo safari, na mbwa akitoka mlango ukiwa wazi, ndiyo kesho tunakumbuka chipu. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa: namba ikianzia kwa mzalishaji, jina lake linabaki mwanzo wa daftari. Akiuza mbwa wagonjwa, au akiwatupa barabarani waliokosa soko, pana pa kuanzia kuuliza. Asiyetaka kuulizwa ndiye anayeuzia kwenye maegesho.

Wenzetu walioko Uingereza hili si geni kwao. Tangu Aprili 2016 sheria kule inataka kila mbwa awe na chipu akifika wiki nane, na jina la kwanza kuandikwa ni la aliyemzalisha. Mwenye mbwa asiye na chipu anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. England wakaongeza na paka, Juni 2024. Na hapa karibu, Dubai, manispaa inataka mbwa na paka wa nyumbani wawe na chipu, wachanjwe na wasajiliwe. Kwa hiyo si jambo la Wazungu peke yao.

Na familia zetu ni watu wa safari. Leo Maskati, mwakani London kwa ajili ya masomo ya watoto. Anayetaka kumpeleka mbwa Uingereza ajue kuwa chipu inatakiwa itangulie chanjo ya kichaa cha mbwa, au angalau vifanyike siku moja. Ukichanja kwanza ukatia chipu baadaye, chanjo ile haihesabiwi, unarudia. Mzalishaji aliyetia chipu mapema anakuondolea usumbufu huo.

Najua wengine wanasoma wakisema, mbwa na sisi wapi na wapi? Lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda shamba na wa mifugo wamo katika maisha yetu tangu enzi za mababu, na saluki ni fahari ya Waarabu. Ama bei ya mbwa, wanavyuoni wana khilafu zao na mimi si mtu wa kuziamua. Ninachojua ni kuwa biashara ipo, kila siku, kwenye simu zetu. Na ikiwa ipo, basi kuficha aibu ya kinachouzwa hakujawahi kuhalalishwa na yeyote. Kumpa mtu kitabu cha mbwa mwengine ni udanganyifu ule ule wa kumwaga nafaka kavu juu ya iliyolowa.

Wazalishaji watasema ni gharama. Kweli, chipu na daktari si bure. Waongeze kwenye bei, na waseme wazi. Anayetoa mamia ya riali kununua mbwa hatoshindwa na nyongeza hiyo.

Sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji mkutane kwa daktari wa mifugo. Mashine ipitishwe mbele yako, na namba ulinganishe na ya kitabuni, tarakimu kwa tarakimu. Kisha usajili ubadilishwe uje kwa jina lako na simu yako, maana chipu yenye simu ya mtu mwengine haitomrudisha mbwa kwako. Muuzaji akikataa, funga mkoba wako urudi nyumbani. Mdogo wangu angefanya hivyo, daktari yule angepata jawabu yake siku ile ile.