Usimtishe Mtoto kwa Sindano

Wazazi wapenzi, ni mara ngapi tumesema nyumbani, "Nyamaza, ama nitakupeleka ukachomwe sindano"? Siku ya ugonjwa ikifika, mtoto hudhani anapelekwa kuadhibiwa.

Nami nilikosa. Mwanangu wa miaka sita alipojikata kwa jembe, nilimwambia twende tukanunue maandazi, kumbe nampeleka zahanati akachomwe sindano ya pepopunda. Mwaka uliofuata alikanyaga msumari, akaficha jeraha siku mbili kwa hofu. Pepopunda huingia kwa jeraha lenye udongo, nayo huua. Hapo nikajua kuwa njia ya mwongo ni fupi.

Basi, mwambieni mtoto kweli kabla ya kutoka nyumbani: "Utasikia mchomo, kisha utakwisha, nami nitakuwa nawe." Msimlaze chali na kumkandamiza, mdogo mpakateni, mkubwa aketi wima. Anyonyaye apewe titi kabla ya sindano na wakati wa kuchomwa. Mambo haya Shirika la Afya Duniani liliyashauri mwaka 2015. Aliye mkubwa kidogo asimuliwe hadithi, au mhesabu pamoja mbuzi wa nyumbani. Akilia, msimcheke wala kumwita mwoga. Machozi si dhambi. Kisha msifuni.

Mwanangu angali akilia aonapo sindano. Lakini juzi alipochomwa na mwiba shambani, alikuja mwenyewe, akanyosha mguu, akasema, "Baba, tazama."