Bwana Afya Kabla ya Mheshimiwa

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, na huu wa Agosti 2027 umekwisha kuanza kutajwa, huzuka tena ule mjadala wa shahada: je, atakaye kuwa mbunge asharutishwe kwanza kuwa amehitimu chuo kikuu? Naona swali hilo limewekwa pasipo mahali pake, na shahidi wangu ni Tom Mboya, ambaye makanga wa Nairobi hulitaja jina lake, lililopewa barabara, kutwa kucha wakiita abiria, aghalabu bila kumkumbuka mwenyewe.

Mboya, alipoiacha shule ya Mang'u kwa kukosa karo, alikwenda kusomea ubwana afya katika Shule ya Jeanes huko Kabete, mahali ambapo leo watumishi wa serikali hufunzwa utawala. Na alipohitimu mwaka 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji. Kazi ya bwana afya ni kuingia ndani ya maisha ya watu: bucha, maziwa, mitaro, vyoo, vyumba wanamobanana wapangaji. Humo aliujua mji, na humo pia aliijua dhuluma, kwani Mzungu mwenye wadhifa kama wake alilipwa mshahara mkubwa zaidi mno. Mwenyewe amesimulia, katika kitabu chake *Freedom and After*, jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia na maziwa ya kupimwa, akamkuta yeye peke yake, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu.

Tusi la namna hiyo wengi hulimeza, na wengine hulirudisha. Mboya alikwenda kuandikisha wanachama. Akawaunganisha watumishi wa serikali za mitaa katika chama cha wafanyakazi, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Miaka miwili baadaye alikuwa Mombasa, akiwatetea makuli wa bandarini waliogoma.

Uchaguzi wa Machi 1957 ulimkabilisha na Argwings-Kodhek, wakili Mwafrika wa kwanza wa Kenya, ambaye barabara ya Hurlingham ina jina lake leo, na ambaye kwa elimu ya sheria Mboya, mwenye mwaka mmoja tu wa chuo cha Ruskin huko Oxford, hakuweza kushindana naye. Tena sheria ya wakati ule iliwapa wenye elimu na mali kura mpaka tatu kila mmoja. Na hao hao wakamchagua bwana afya.

Insafu yanidai niseme kwamba uwanja haukuwa umejaa: chama cha siasa cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku, wakubwa wake wako kizuizini, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wasiokuwa na hati ya utiifu walinyimwa kura. Bahati ilikuwapo. Lakini bahati ilimkuta na daftari la wanachama mkononi.

Basi wanaokitamani kiti cha Westlands, cha Dagoretti Kaskazini au cha Starehe, na waandike katika mabango yao, penye nafasi iliyojaa sasa tabasamu zao, kazi yao ya kwanza ya ujira, na malalamiko ya nani waliyoyapeleka kwa mkubwa wa kazi pasipokuwa na mpiga picha. Na atakayeiacha nafasi hiyo wazi, hata awe na shahada tatu, kura yangu hataipata.