Udongo Usiolimwa Nao ni Udongo

Ninasoma sayansi ya udongo, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Uganda, na nina ugomvi na masomo yangu. Tangu nianze, kila udongo niliofundishwa umepimwa kwa mahindi: una naitrojeni kiasi gani, una fosforasi kiasi gani, utiwe mbolea gani ili magunia yaongezeke. Udongo wa msituni, wa mbugani na wa kinamasi hupewa mhadhara mmoja mwishoni mwa muhula, na katika mtihani hauulizwi. Jina lake tunalojua ni moja tu: ardhi isiyotumika.

Isiyotumika na nani? Maji machafu ya Kampala hushuka na mfereji wa Nakivubo, yakapita katika kinamasi cha mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Murchison. Katika ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo inapovutwa sehemu ya maji ya bomba ya mji. Mizizi ya mafunjo na tope jeusi lililo chini yake huzuia sehemu ya uchafu wetu. Tope hilo halina oksijeni, ndiyo maana majani yaliyokufa hayaozi upesi. Yanarundikana na kushika kaboni. Likichimbiwa mitaro ili watu walime magimbi, linakauka, linadidimia, na kaboni ile inapanda hewani. Mwanafunzi anayejua kupima rutuba peke yake atafika hapo na kuandika kwamba udongo ni mzuri, ila utolewe maji. Na atapewa alama zote!

Kipimo hichohicho kinadanganya hata msituni. Mwaka 2007 mpango wa kutoa sehemu ya msitu wa Mabira ipandwe miwa uliwatoa watu barabarani Kampala, na damu ikamwagika. Mtu akiitazama miti ile mirefu hudhani imesimama juu ya udongo mnono. Kumbe sehemu kubwa ya misitu ya namna hii imesimama juu ya udongo mwekundu mkongwe, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Chakula kingi kimo ndani ya miti yenyewe na katika majani yaliyoanguka. Yanapooza, mizizi inadaka virutubisho kabla mvua haijavichukua. Fyeka, choma, utavuna misimu michache kwa ajili ya majivu. Baada ya hapo utakuwa mteja wa duka la mbolea.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba elimu hii si ngeni kwetu. Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, aliwapa wataalamu wa dunia neno katena katika miaka ya 1930. Aliona kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni umefungamana kama pete za mnyororo mmoja, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Hakuishia kwenye mipaka ya shamba. Sisi tunakariri neno lake, halafu shimo letu la mafunzo limechimbwa katika shamba la chuo, penye tambarare, hatua chache kutoka bwenini. Katena gani itaonekana pale?

Najua jibu nitakalopewa: nchi ina wakulima wengi, tumbo kwanza. Sikatai, nami nala posho kila siku. Lakini anayelima bondeni anategemea kilima kisichomomonyoka, na wanaoamua kinamasi kipi kikaushwe wataomba ushauri kwa wahitimu wa darasa letu. Watatukuta na karatasi ya mahindi mkononi.

Wahadhiri wetu, hatuombi maabara mpya. Tunaomba mashimo mawili muhula ujao, moja Mabira na jingine pembeni mwa mafunjo ya Nakivubo, na swali moja la lazima katika mtihani. Gambuti tutajinunulia.