Kompyuta ya gemu ikichoka, pimeni kabla ya kununua

Likizo ikikaribia, wazazi wenye vijana wa sekondari husikia ombi moja: kompyuta imekuwa nzito, gemu mpya hazichezeki, inatakiwa kadi ya picha. Mzazi asiyejua kadi hiyo ni kitu gani hubaki na njia mbili rahisi. Ama anakataa na kusema gemu ni kupoteza muda, ama anatoa hela na kumwachia fundi. Kwa njia ya kwanza, mtoto anajifunza kutouliza tena. Kwa njia ya pili, hela inaweza kuishia kwenye kifaa ambacho hakikuwa na tatizo.

Ipo njia ya tatu, nayo haimtaki mzazi awe mtaalamu. Inataka maswali ya mzazi na mikono ya mtoto.

Mara nyingi mashine inayozungumziwa ni deskitopu ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita, RAM ya GB 4 au 8 na diski ya zamani ya kuzunguka. Ilitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu. Kuifanya icheze gemu kunawezekana, lakini si kila kifaa kinachouzwa dukani kitaifaa.

Ugonjwa ni upi?

"Imekuwa nzito" bado si maelezo. Mtoto aseme kinachotokea, na kinatokea wakati gani.

Kama inachukua dakika kadhaa kuwaka na gemu inachelewa kufunguka, mshukiwa wa kwanza ni diski. Kama inaganda pale vitu vingi vinapofunguliwa kwa pamoja, huenda RAM imejaa. Kama picha zinakatakata ndani ya gemu huku kazi nyingine zikienda vizuri, tatizo liko kwenye kadi ya picha au prosesa. Kama inazima ghafla baada ya kuchezwa kwa muda, kinachotazamwa ni joto na pawasaplai.

Na kama shida inaonekana kwenye gemu za mtandaoni pekee, huenda mashine haina kosa. Seva za gemu nyingi ziko nje ya nchi, na intaneti ikiyumba mchezaji humwona mwenzake akiruka kutoka hapa hadi pale. Hakuna kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotibu bando dhaifu.

Ushahidi uonekane

Mtoto aache gemu ikiendelea, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itafungua ukurasa wenye grafu za prosesa, RAM, diski na kadi ya picha. Kinachogonga karibu asilimia 100 muda wote ndicho kinachowachelewesha wenzake.

Chukua mfano wa binti wa kidato cha tatu anayemwambia mama yake, "Mama, kadi ya picha ndiyo imeshindwa."

"Umejuaje, mwanangu?"

"Wote shuleni wanasema hivyo."

Wakifungua grafu pamoja, wanaweza kukuta kadi ya picha inafanya kazi nusu ya uwezo wake, huku RAM imejaa kwa asilimia 94. Hapo mjadala unabadilika. Mama hajamshinda binti yake, wala binti hajamshinda mama. Wote wawili wamesoma kitu kimoja kwenye kioo, na hela imeokoka.

Kwanza visivyo na gharama

Kabla ya kununua chochote, kompyuta izimwe, ichomolewe kwenye umeme, ifunguliwe na kusafishwa vumbi kwa brashi laini. Feni iliyojaa vumbi haipoozi, na prosesa ikipata moto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta zizimwe, na mafaili yasiyotumika yafutwe. Baada ya hapo grafu zitazamwe upya. Kuna mashine ambazo ugonjwa wake huishia hapo.

Kifaa kipi kianze?

SSD ndiyo huleta nafuu inayoonekana na kila mtu nyumbani. Diski ya kuzunguka husoma takribani MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufika MB 500 na zaidi. Kompyuta itawaka haraka na gemu itafunguka haraka. Ila mtoto aambiwe ukweli: SSD haitaongeza ulaini wa picha ndani ya gemu.

RAM hufuata. Gemu nyingi za miaka ya karibuni zinataka GB 16, ingawa za zamani huridhika na 8. Kabla ya kwenda dukani ni lazima kujua kama bodi inatumia DDR3 au DDR4, kwa sababu haziingiliani. Hata pengo la kwenye kipande limekatwa mahali tofauti. Pia vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi vizuri kuliko kimoja chenye ukubwa wa viwili hivyo, maana prosesa hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja.

Kadi ya picha ndiyo ghali, na ndiyo yenye mitego. Deskitopu nyingi za ofisini zina pawasaplai ndogo, ya wati 240 hadi 300, isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Ndiyo sababu kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 hutafutwa sana: zimeundwa kwa wati 75, kiasi ambacho tundu la kwenye bodi linaweza kutoa lenyewe. Hata hivyo, baadhi ya matoleo yake hudai waya, hivyo kadi iangaliwe yenyewe. Kava likiwa jembamba, kadi fupi pekee ndiyo inayoingia. Rula ya shule inatosha kupimia.

Kuna pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kuzibaini. Muuzaji aombwe kuiwasha kadi mbele ya mnunuzi, na risiti idaiwe. Anayekataa yote mawili ameshajibu.

Pawasaplai isinunuliwe kwa kuangalia bei ndogo tu. Ikifa vibaya inaweza kuua na vingine. Isitoshe, baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi ya aina yake, hivyo pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta.

Wakati wa kusema basi

Swali linalosaidia kuliko yote ni hili: kompyuta hii ikifa mwakani, kipi kitahamia kwenye nyingine? SSD itahama. Kadi ya picha itahama, ikiwa kava na pawasaplai vinairuhusu. RAM ya DDR3 na prosesa ya kizazi cha nne zitazikwa na mashine.

Kwa hiyo kama grafu inaonyesha prosesa ndiyo iliyochoka, hesabu inakuwa kubwa. Prosesa ya kisasa hudai bodi mpya, na mara nyingi RAM mpya pia. Hapo ni kununua kompyuta nyingine, hata kama kava ni lilelile. Ni heri kuweka akiba.

Kuna jambo jingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa kanuni zake rasmi, karibu haikubali kabisa prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Mashine ya zamani bado itawaka, lakini bila marekebisho ya usalama haifai kwa barua pepe za mzazi na mambo ya benki.

Mtoto aandike

Mtoto aandike karatasi moja: tatizo, grafu ilisema nini, kifaa kinachohitajika, bei kutoka maduka matatu, na kitu ambacho kifaa hicho hakitatibu. Anayetaka kitu kwa sababu tu marafiki wanacho atachoka njiani. Anayemaliza anastahili kusikilizwa, hata kama jibu ni "subiri hadi ada ilipwe."

Na diski ya zamani ikitolewa, isiachwe kwa fundi. Ndani yake kuna picha za familia, kazi za shule na nywila za miaka yote. Irudi nyumbani pamoja na mwenyewe.