Sambaza Walewale



Sambaza waliletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na asubuhi kina mama huwauza sokoni. Ndio waliowalea wengi wetu hapa Bukavu. Leo kijana akiandaliwa sambaza nyumbani, hukunja uso. Walewale wakipangwa wachache juu ya sahani pana nyeupe, pamoja na kipande cha limau na jina la Kifaransa, huwapiga picha kabla ya kuwaonja, kisha hulipa kwa dola bila kunung'unika. Hanunui samaki, ananunua kuonekana.

Sina ugomvi na wapishi, wala na kitambaa safi mezani (mama zetu nao hukitandika siku ya Noeli). Nakataa kiburi kinacholetwa mezani pamoja na chakula. Tazameni jinsi mhudumu anavyoitwa: kwa kupigiwa vidole, na kwa Kifaransa cha puani, ingawa mwitaji na mwitwa wote wamekulia Kadutu na wamelelewa kwa Mashi. Huenda Jumapili waliketi benchi moja kanisani.

Ungekuwa upuzi wa mtu mmoja, ningenyamaza. Lakini umeingia katika vikundi vyetu. Karamu ya kufunga mwaka haifanyiki tena katika ua wa parokia, kwa bugali na sombe, huyu akileta unga, yule kuni, na mwingine mikono yake tu ya kutwanga. Imehamishiwa mgahawani, na mchango unatajwa kwa dola. Wasio nazo hawasemi kwamba hawana. Husema wana malaria, au wamepata msiba kijijini. Nasi tunawaombea, kisha tunaagiza.

Mtume Paulo aliwakaripia Wakorinto kwa jambo hilohilo. Walikusanyika kama ndugu, lakini wengine walishiba hata kulewa mbele ya wenzao wenye njaa, na wasio na kitu wakaaibishwa. Hakuuliza divai yao iligharimu kiasi gani. Aliwaambia kwamba mlo wa namna hiyo si Chakula cha Bwana tena.

Basi, viongozi wa vikundi, kabla ya kutangaza mchango wa karamu ijayo, ulizaneni kwanza: ni nani kati yetu atakayeugua siku hiyo?