WAZIRI AONYESHE SABABU

Sheria ikisema kwamba Waziri aweza kumfungia mtu iwapo ana sababu ya maana ya kumshuku, ni nani wa kuamua kama sababu hiyo ipo? Ni Waziri mwenyewe, au ni mahakama? Hili si swali la wanasheria peke yao. Ni swali la kila raia ambaye mlango wake waweza kugongwa usiku.

Uingereza ililikabili swali hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kanuni ya 18B ya mwaka 1939 ilimpa Waziri wa Mambo ya Ndani uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki. Ilipoandikwa kwanza, ilitosha Waziri aridhike. Wabunge walikataa, na maneno yakabadilishwa: sharti Waziri awe na sababu ya maana ya kuamini. Mwaka 1940 Robert Liversidge aliwekwa kizuizini kwa amri ya Waziri, Sir John Anderson. Alifungua shauri akitaka aonyeshwe sababu. Mwaka 1941 shauri lilifika Baraza la Malodi, ambalo siku hizo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Majaji wanne kati ya watano waliamua kwamba Waziri akiamini kwa nia njema kuwa anayo sababu, yatosha. Hivyo neno walilolipigania Wabunge likapotea mikononi mwa wale waliopewa kulilinda.

Jaji mmoja, Lord Atkin, alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kusema mtu amevunjika kifundo cha mguu si sawa na kusema mtu adhani amevunjika. Sababu ama ipo, ama haipo. Na iliyopo yaweza kuonyeshwa. Mmoja wa wenzake aliudhika hata akaandika gazetini kumlalamikia.

Lakini haki yaweza kuchelewa, haizami. Mwaka 1950, katika shauri la mfanyabiashara wa nguo wa Ceylon, majaji wa rufani mjini London walisema kwamba sababu ya maana lazima iwepo kwa kweli, ingawa mfanyabiashara mwenyewe alishindwa kwa hoja nyingine. Mwaka 1979 Lord Diplock alikiri, katika Baraza lile lile, kwamba wale wanne walikosea, ijapokuwa pengine hali ya siku zile yawapa udhuru.

Wako watakaosema kwamba Serikali ina siri zake, na jaji hajui mambo ya usalama. Ni kweli, na sisi hatutaki jaji akalie kiti cha Waziri. Kazi yake ni kuuliza jambo moja tu: lile ambalo Sheria imelifanya sharti, je, lipo? Siri yaweza kusikilizwa faraghani. Na Bunge likitaka neno la mtawala litoshe, na liseme waziwazi, kama lilivyosema Bunge la Tanganyika mwaka 1962 kwamba amri ya Rais ya kumweka mtu kizuizini isihojiwe mahakamani. Hapo wananchi hujua walichotungiwa, na waweza kukijadili.

Lisilofaa ni Sheria kudai sababu, kisha mahakama ikaridhika na dhana. Mwamba ngoma huvutia kwake. Waziri mwenye sababu hana la kuogopa akiulizwa. Asiyekuwa nayo ndiye hasa apasaye kuulizwa.