Zimwi la Lovecraft halihitaji mamilioni

Mwaka 2011 kampuni ya Universal ilikataa kugharimia filamu ambayo Guillermo del Toro alikuwa ameihangaikia kwa miaka mingi, iliyotokana na hadithi ya H. P. Lovecraft kuhusu wanasayansi waliokwenda Antaktika. Bajeti ilikaribia dola milioni 150. Miaka sita kabla ya hapo, mashabiki wa mwandishi huyohuyo huko Marekani walishatoa "The Call of Cthulhu" kwa fedha za kuungaunga. Ina dakika 47 tu, haina rangi, na maneno ya wahusika husomwa kwenye kioo. Naiona ndiyo iliyomtendea haki Lovecraft kuliko zote, na ukata wa walioitengeneza umechangia sana.

Hadithi yenyewe ilichapishwa mwaka 1928 katika jarida la Weird Tales. Mwongozaji Andrew Leman na mwandishi wa skripti Sean Branney waliamua kuitengeneza kana kwamba ni filamu ya miaka hiyohiyo, na uamuzi huo ukawaondolea gharama nyingi kwa mpigo. Walirekodi kwa video ya dijitali, kisha wakaichakaza picha ifanane na mkanda mkuukuu. Bahari ni kitambaa kinachometameta. Zimwi ni sanamu ndogo iliyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha mojamoja. Katika filamu ya rangi mtazamaji angeangua kicheko. Hapa ameshakubali tangu mwanzo kwamba anatazama kitu cha kale, na ule mwendo wa kukwamakwama unamsisimua mwili kwa sababu haufanani na wa kiumbe chochote anachokijua.

Yupo atakayesema huo ni ujanja wa mara moja. Ni kweli, filamu kumi za namna hiyo zingechosha. Wapo pia wanaoshikilia kwamba hofu ya Lovecraft imo katika maneno: msimulizi wake hukiri kuwa alichokiona hakielezeki, ilhali kamera haina budi kuonyesha. Hoja hii ni nzito zaidi, na ndiyo inayoziangusha filamu nyingi za bei rahisi, zinazong'ang'ania kuunda zimwi la Hollywood kwa kompyuta ya mezani. Lakini tazama alichofanya Huan Vu nchini Ujerumani mwaka 2010 katika "Die Farbe". Hadithi inahusu kimondo kilichoanguka shambani na kuleta rangi ambayo binadamu hajapata kuiona. Rangi hiyo utaipigaje picha? Vu aliifanya filamu yake nyeusi na nyeupe, akaiachia rangi ile ngeni peke yake. Mwaka 2019 Richard Stanley aliitengeneza hadithi hiyohiyo, akiwa na nyota Nicolas Cage na fedha nyingi zaidi. Zambarau na waridi zimejaa tele katika filamu yake, zinapendeza hata, ila zinatokea katika dunia ambayo tayari ina nyasi za kijani na mbingu ya buluu, na mtazamaji anazipokea kama rangi nyingine yoyote.